Dkt. Gero wa Dragon Ball Z: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu yafuatayo yanamhusu Dkt. Gero, mwanasayansi muuaji ambaye uovu wake ndio chanzo cha kisa chote cha Androidi (watu-mashine aliowaunda) na Cell (kiumbe aliyetokana na mradi wake) katika Dragon Ball Z. Yanafuata manga (hadithi ya michoro) ya Akira Toriyama pamoja na anime (katuni ya televisheni) iliyotokana nayo. Habari inapotoka kwenye filamu, mchezo wa video au maelezo ambayo Toriyama aliyatoa baadaye, jambo hilo limetajwa. Asiyependa kujua mwisho wa kisa kabla hajakitazama ni afadhali akitazame kwanza.

Dkt. Gero ni nani?

Ni mwanasayansi aliyelitumikia jeshi la Red Ribbon, kundi lenye silaha na tamaa ya kuitawala dunia, ambalo Son Goku, shujaa wa hadithi hii, alilisambaratisha karibu peke yake akiwa bado mtoto. Mkuu wa jeshi hilo alikufa na makao yake yakaangamizwa, lakini Gero alinusurika, akaenda na chuki yake milimani karibu na Jiji la Kaskazini. Huko, ndani ya maabara iliyochimbwa kwenye jabali, alitumia miaka mingi kutengeneza viumbe wa kumuua Goku, hadi mwishowe akajigeuza na yeye kuwa mmoja wao na kujiita Namba 20.

Muda anaoonekana kwenye skrini ni mfupi sana ukiulinganisha na wa Cell, au wa Frieza, adui mkuu aliyemtangulia. Hata hivyo, kila balaa linalowapata Goku na wapiganaji wenzake tangu siku ile ya kwanza karibu na Jiji la Kusini mpaka mwisho wa mashindano ya Cell lilitoka mikononi mwake au kwenye kompyuta aliyoiacha ikiwaka. Kwa maoni ya mwandishi wa majibu haya, hakuna adui mwingine katika mfululizo huu mzima aliyeacha madhara mengi kiasi hicho baada ya kufa.

Kisa chake kilitoka lini, na nani alikitengeneza?

Dragon Ball ilichapishwa katika jarida la Weekly Shonen Jump la Japani kuanzia 1984 hadi 1995. Anime ya Dragon Ball Z ilitengenezwa na Toei Animation, ikaanza kuonyeshwa mwaka 1989 na kumalizika 1996 ikiwa na vipindi 291. Sauti ya Gero katika Kijapani ilikuwa ya Koji Yada, mwigizaji aliyempa mzee huyu sauti kavu isiyo na haraka, ambayo inatisha zaidi kuliko kelele za maadui wengi.

Kwa nini anamchukia Goku?

Sababu anayoitoa mwenyewe ni kisasi: jeshi lilikuwa karibu kuitia dunia mkononi, na mtoto mmoja mwenye mkia akaharibu kila kitu. Toriyama aliongeza jambo zito katika maelezo ya baadaye, yaliyotoka pamoja na toleo la rangi la manga yake. Alieleza kwamba Gero alikuwa na mtoto wa kiume, askari wa cheo cha juu katika jeshi la Red Ribbon, aliyeuawa kwa risasi ya adui, na kwamba Namba 16, mmoja wa Androidi wake, alitengenezwa kwa sura ya mtoto huyo.

Habari hiyo inabadilisha namna ya kumtazama Gero, ingawa haimpunguzii hatia. Mtu aliyefiwa na mwanawe anaeleweka na kila mzazi. Lakini mtu huyohuyo akawaendea vijana wawili, mapacha wa kike na wa kiume, akawateka na kuwafanya silaha, Namba 17 na 18, kana kwamba nao hawakuwa watoto wa mtu. Alikijua kilio cha mzazi, na bado akaenda kukisababisha katika nyumba nyingine.

Je, Gero ni muuaji wa kukodiwa?

La. Jeshi la Red Ribbon lilikuwa na muuaji wa namna hiyo, naye ni Taopaipai, mtu aliyeua kwa malipo na kujivunia bei yake. Ndiye aliyemuua Bora, baba yake Upa, kwenye mnara wa Karin. Taopaipai hana chuki na anayemwua: akilipwa, anatekeleza na kuondoka. Gero hakulipwa na mtu yeyote, kwani hata jeshi lenyewe halipo tena na hakuna mkubwa wa kumpa amri. Ana mlengwa mmoja anayemjua kwa jina, na anaandaa mauaji yake kwa subira ya miaka mingi, akimpeleleza, akimpima na kumfanyia hesabu. Ndiyo maana anaitwa mwanasayansi muuaji: utafiti wake wote una swali moja tu, nalo ni namna ya kumuua Goku.

Alimpeleleza vipi?

Alitumia kijiroboti kidogo mithili ya mdudu, ambacho kilimfuata Goku na wenzake bila wao kujua. Kijiroboti hicho kilikuwapo kwenye mashindano ya kupigana ya Tenkaichi Budokai, kilikuwapo Goku alipopigana na Piccolo, na kilikuwapo Vegeta alipofika duniani, wote wawili wakiwa bado maadui kabla ya kuwa upande wake. Kilirekodi mbinu na nguvu zao, na baadaye tukagundua kwamba kilichukua pia chembe za miili yao.

Hapa ndipo penye kosa kubwa la Gero, na kosa lenyewe ni la kitaaluma. Goku aliposafiri kwenda sayari ya Namek, Gero hakumfuatilia. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliona hakuna haja, kwa kuwa takwimu alizokuwa nazo zilikwisha kumtosha: alijua Goku amefikia wapi, akakadiria kiasi atakachoongezeka, na hesabu ikawa imefungwa. Kumbe huko Namek ndiko Goku alikogeuka Super Saiyan kwa mara ya kwanza, hali ya nguvu kubwa mno ambayo haikuwemo kwenye makadirio yoyote.

Mtafiti akijiona amekwisha kujua, hata vipimo vilivyo sahihi havimsaidii tena. Gero alikuwa na vyombo bora kuliko mtu yeyote duniani na alikuwa na akili ya kuvitumia, ila chuki ilimfanya atafute uthibitisho wa jibu alilokwisha kulichagua. Alishindwa kama mwanasayansi kabla ya kushindwa kama muuaji, na mambo mengine yote yaliyompata yanatokana na hapo.

Wapiganaji walipewa onyo mapema. Kwa nini hawakumzuia?

Ni kweli kwamba Trunks, kijana aliyetoka katika wakati ujao, aliwaeleza siku, saa na mahali ambapo Androidi wangetokea miaka mitatu baadaye: tarehe 12 Mei, saa nne asubuhi, kwenye kisiwa kilicho kusini magharibi mwa Jiji la Kusini. Bulma, rafiki wa Goku, alitoa shauri lililokuwa la busara kuliko yote, kwamba waitafute maabara ya Gero mapema na kummaliza kabla hajaamsha kitu chochote. Vegeta alikataa kwa ukali kwa sababu alitaka kupigana, na Goku naye akamuunga mkono kwa kuwa alikuwa na hamu ileile.

Wasomaji wengi hulaumu uamuzi huo, na wana haki ya kulaumu. Kiburi cha wapiganaji kilimpa Gero miaka mitatu ya bure. Watu wa mji wa kisiwa hicho waliokufa asubuhi ya tarehe 12 hawakuwa na hamu ya pambano lolote.

Mashambulizi yake ya kwanza yalikuwaje?

Sehemu hii inafaa kutazamwa polepole, kwa sababu ndipo Gero anapoonekana jinsi alivyo. Wapiganaji wamesimama juu ya mlima wakiutazama mji wa kisiwani. Wamezoea kumtambua adui kwa kuhisi nguvu zake za ndani, ile wanayoiita ki, lakini Androidi hawana nguvu hizo za kuhisiwa. Wanashtukia ndege ya Yajirobe, aliyetoka kuwaletea mbegu za senzu zinazoponya majeraha, inalipuliwa angani, na wanawaona watu wawili wakishuka mjini, kisha hawawaoni tena. Inawabidi washuke na kuwatafuta kwa macho katikati ya umati wa watu wanaokwenda zao sokoni na kazini, bila kujua hata sura ya wanayemtafuta.

Anayewapata ni Yamcha, kwa bahati mbaya yake. Mzee mwenye masharubu marefu na kofia anamshika mdomo kwa kiganja, ananyonya nguvu zake hadi zinaisha, kisha anapitisha mkono wake kifuani mwa Yamcha ukatokea mgongoni. Uso wa Gero haubadiliki hata kidogo. Yamcha anaokolewa na mbegu ya senzu, vinginevyo angekuwa maiti.

Goku anapofika anaomba wahamie mahali pasipo na watu. Gero anamjibu kwamba hakuna haja ya kuhama, anageuza macho yake yanayotoa miale, na kuuteketeza mji uliomzunguka: sasa, kwa maana yake, mahali hapo pasipo na watu pamepatikana. Frieza alilipua sayari, lakini alikuwa na ghadhabu na majivuno ya kifalme. Gero anawaua mamia ya watu kana kwamba anafuta meza kabla ya kuanza kazi, na katika matukio yote ya Dragon Ball Z hili ni mojawapo ya yale yanayotia baridi zaidi mwilini.

Je, ni roboti, au bado ni binadamu?

Mwili wake ni mashine, lakini ubongo ni wake wa kuzaliwa, umewekwa chini ya kuba la kioo linalofichwa na kofia. Alijifanyia hivyo kwa kutaka uhai usiokoma. Kwa hiyo hukumu ya mambo anayoyatenda haiwezi kutupiwa mashine. Anayeamua ni Gero yuleyule aliyekuwa na nywele na damu.

Mwenzake, Namba 19, yule mnene mweupe mwenye kofia ndefu, ni mashine kamili. Hata hivyo kuna tukio linalostahili kuangaliwa upya. Vegeta anamng'oa mikono Namba 19, na Namba 19 anakimbia huku uso wake umejaa woga. Vegeta, kabla ya kumteketeza, anauliza kama Androidi nao huogopa. Gero, ambaye ndiye mwenye ubongo wa kibinadamu, anamtazama mtumishi wake akifa na kuwaza namna ya kuokoa nafsi yake.

Nguvu za Gero na Namba 19 zilifanyaje kazi?

Wote wawili walikuwa na viduara vyekundu kwenye viganja, na kwa viduara hivyo waliweza kunyonya nguvu za mtu kwa kumgusa au kumeza mashambulizi ya nishati yaliyorushwa kwao. Ndiyo sababu kuwashambulia kwa mbali kulikuwa ni kuwalisha. Vegeta alilielewa hilo haraka, akaikata njia kwa kuondoa mikono yenyewe. Piccolo naye, baada ya kukamatwa kwa nyuma na kuzibwa mdomo, alimwita Gohan, mwana wa Goku, kwa mawazo, akaokolewa, na baadaye akamkata Gero mkono mmoja.

Goku alimzidi Namba 19 kwa mbali mwanzoni, lakini alizimia nguvu kwa ugonjwa wa moyo ambao Trunks alikuwa ameuonya. Gero hakuhusika na ugonjwa huo, jambo ambalo watazamaji wengine hulichanganya: ulikuwa virusi, na dawa yake Trunks aliileta mwenyewe.

Kwa nini Namba 19 na 20 ni dhaifu kuliko 17 na 18, ilhali walitengenezwa baadaye?

Hili ni swali zuri kuliko yote yanayoulizwa kuhusu Gero, na jibu lake linaeleza tabia yake yote. Namba 17 na 18 walipewa chanzo cha nguvu kisichokwisha. Hawahitaji kunyonya kwa mtu, hawachoki. Kwa kipimo cha ufundi, hao ndio kilele cha kazi yake. Tatizo ni kwamba hawakumtii. Kwa hiyo Gero akawafungia ndani ya mitungi wakiwa wamelala, akarudi kwenye mfumo wa kunyonya nguvu, ambao ni duni lakini unampa mtumishi anayefuata amri.

Kwa maneno mengine, alipolazimika kuchagua kati ya uvumbuzi bora na utii, alichagua utii. Namba 16 alimwita kazi iliyoharibika, na 17 na 18 aliwaona ni wakaidi wa kufungiwa. Katika maabara yake, kipimo cha kufaulu kilikuwa kimoja: je, atanitii? Hakuna hata siku moja anayoonekana kujiuliza kwa nini kila aliyempa akili alimkataa.

Alikufaje?

Namba 19 alipokwisha kuuawa, Gero alikimbia kati ya miamba akijificha na kuvizia. Bulma alipowasili kwa ndege akiwa na mtoto wake mchanga, ambaye ndiye Trunks wa wakati huu, Gero aliilipua ndege hiyo ili apate mwanya wa kutoroka, na kama si Trunks mkubwa kuwahi, mama na mtoto wangekufa. Baadaye Bulma ndiye aliyewaeleza wapiganaji kwamba Namba 20 ni Gero mwenyewe, na kwamba maabara yake iko milimani karibu na Jiji la Kaskazini.

Gero alifika maabarani akiwa na mkono mmoja, akawaamsha 17 na 18 huku ameshika rimoti ya kuwazimisha endapo wangemgeuka. Walimsalimu kwa adabu. Kisha, alipozubaa kidogo tu, Namba 17 akaipokonya rimoti na kuivunjavunja. Namba 18 akasogea kulifungua sanduku la Namba 16, na Gero akapiga kelele kuwakataza, akiwatukana na kuwaamuru kama watoto wa nyumbani kwake. Namba 17 akampitisha mkono mwilini kutoka nyuma, vile vile kama Gero alivyomfanyia Yamcha, kisha akakikata kichwa chake kwa teke na kukiponda kwa mguu, wakati wapiganaji wakitazama mlangoni.

Kama alikufa mapema hivyo, Cell alitoka wapi?

Chini ya sakafu ya maabara ile kulikuwa na chumba kingine. Gero alikuwa ameanzisha mradi wa kutengeneza kiumbe mmoja kutokana na chembe za wapiganaji mbalimbali, wakiwemo Goku, Piccolo, Vegeta, Frieza na baba yake Frieza. Aliona utachukua muda mrefu mno, akauacha, lakini kompyuta iliendelea na kazi bila yeye.

Cell anayepigana katika kisa hiki alitoka katika wakati ujao mwingine. Huko alimuua Trunks, akachukua mashine yake ya kusafiria, akajirudisha katika hali ya yai ili aweze kuenea ndani yake, na kuja wakati ambao 17 na 18 bado wako hai, kwa sababu aliwahitaji ili afikie umbo lake kamili. Yule aliyekuwa bado anakua chini ya maabara aliteketezwa na Trunks pamoja na Krillin, rafiki wa Goku, walipoivamia.

Katika uvamizi huohuo walipata mchoro wa kiufundi wa Namba 17, ambao Bulma aliutumia kutengeneza rimoti mpya ya kuwazimisha Androidi. Krillin alipewa rimoti hiyo, akamfikia Namba 18, akashindwa kuibonyeza na badala yake akaivunja. Uamuzi huo uliwagharimu wenzake sana kwa muda, na mashabiki hawaachi kubishana juu yake. Mwandishi wa majibu haya anaamini Krillin alikuwa mtu wa kwanza kumtazama Namba 18 kama binti aliyedhulumiwa, na kwamba hilo lilikuwa na uzito kuliko mkakati wowote.

Namba 17 na 18 walikuwa nani kabla ya Gero kuwateka?

Walikuwa mapacha wa kibinadamu. Majina yao ya kuzaliwa, kwa mujibu wa maelezo aliyoyatoa Toriyama mwaka 2014, ni Lapis na Lazuli. Baada ya Cell kushindwa, Krillin alimwomba joka Shenron awarudishe wawe binadamu, na Shenron akajibu kwamba jambo hilo linapita uwezo wake. Aliweza tu kuondoa mabomu ambayo Gero aliyaweka ndani ya miili yao. Joka lenye uwezo wa kufufua wafu lilishindwa kutendua alichokifanya Gero kwa vijana wawili, na hapo ndipo ukubwa wa dhuluma yenyewe unapoonekana.

Je, kuna kiumbe wake yeyote aliyetimiza lengo lake?

Katika wakati ujao alikotoka Trunks, Goku alikufa kwa ugonjwa wa moyo, wala Androidi hawakumgusa. Katika wakati tunaoufuata sisi, Goku alikufa akiwa amemhamisha Cell aliyekuwa karibu kujilipua. Kwa hiyo mtu anaweza kusema Cell alilitimiza lengo bila kulikusudia, ila Gero hakuwepo kuliona, na Cell mwenyewe hakujali kisasi cha jeshi la Red Ribbon.

Wengine waliobaki walikwenda njia tofauti kabisa. Namba 16, jitu lenye sauti ya upole, alikuwa bado na amri ya kumuua Goku ndani yake, lakini muda mwingi alikaa akitazama ndege wakitua mabegani mwake. Katika mashindano ya Cell alimkumbatia Cell ili ajilipue naye, akagundua kwamba bomu lake liliondolewa wakati wa matengenezo, akavunjwavunjwa. Kichwa chake, kilichobaki na uhai kidogo, kilirushwa na Mr. Satan hadi karibu na Gohan, kikamwambia Gohan asijizuie tena na kumwomba ayalinde maisha aliyoyapenda. Cell akakiponda kichwa kile, na hasira ya Gohan ikafunguka. Kiumbe ambaye Gero alimwita kazi iliyoharibika ndiye aliyefanya kazi nyingine ya Gero iangamizwe.

Namba 18 aliolewa na Krillin wakapata binti, Marron. Namba 17, katika Dragon Ball Super, ni mlinzi wa wanyamapori kisiwani. Katika shindano kubwa la ulimwengu mbalimbali ndiye aliyebaki wa mwisho jukwaani, na alipopewa nafasi ya kuomba ombi lolote, aliomba ulimwengu wote uliofutwa urudishwe.

Kwa nini maadui wa kisa hiki wanabadilika mara nyingi hivyo?

Chanzo kimojawapo ni wahariri. Kazuhiko Torishima, aliyekuwa mhariri wa kwanza wa Toriyama, hakuridhika alipoona kwamba maadui wapya ni mzee na mtu mnene, na Toriyama akawaleta 17 na 18. Malalamiko yakaendelea, kwamba sasa ni vijana wadogo, akamleta Cell. Mhariri wa wakati huo, Yu Kondo, naye hakupendezwa na sura ya Cell wa mwanzo, hivyo Cell akabadilika umbo tena na tena.

Jambo la kuvutia ni kwamba Toriyama alikwisha kumfanya Torishima kuwa mwanasayansi mwovu miaka mingi nyuma. Katika Dr. Slump, manga yake nyingine iliyochapishwa kuanzia 1980 hadi 1984, kuna Dkt. Mashirito, ambaye jina lake ni Torishima lililogeuzwa na sura yake ni ya mhariri huyo. Mwanasayansi wa kuchekesha katika kazi ile alifuatwa na Gero, ambaye hachekeshi hata kidogo, na msomaji anayezisoma kazi zote mbili ataona msanii aliyelifahamu vizuri wazo lake na kuamua kulitazama upande wa giza.

Binafsi nadhani mabadiliko hayo yalimfaa Gero. Kama angebaki kuwa adui mkuu, angepigwa na Super Saiyan fulani na kusahaulika. Kuuawa kwake na aliowatengeneza kulimpa mwisho unaolingana na makosa yake.

Je, anaonekana tena baada ya kifo chake?

Ndiyo, kwa njia mbalimbali, nyingi zikiwa nje ya manga. Filamu ya 1992 inayomhusu Namba 13 inaonyesha kompyuta ya Gero ikiendeleza kisasi peke yake. Katika Dragon Ball GT, ambayo Toriyama hakuiandika, Gero yuko kuzimu anashirikiana na Dkt. Myuu kumuunda Super 17, na kwa mara ya pili anauawa na Namba 17. Mchezo wa video wa Dragon Ball FighterZ, uliotoka 2018, ulimleta Namba 21, mwanamke msomi mwenye uhusiano wa kifamilia na Gero.

Filamu ya Dragon Ball Super: Super Hero ya 2022, ambayo hadithi yake iliandikwa na Toriyama, ndiyo yenye uzito zaidi. Inamleta Dkt. Hedo, mjukuu wa Gero, kijana mwenye kipaji cha babu yake na mapenzi makubwa kwa mashujaa. Hedo anatengeneza Gamma 1 na Gamma 2, na wote wawili wanakuwa na dhamiri. Mabaki ya jeshi la Red Ribbon yanamlaghai awafanyie kazi, na mpango wa Gero unazaa Cell Max, jitu lisilo na akili ya kuzuiwa. Hedo anapoonyeshwa kwamba amedanganywa anakubali, anaomba radhi na kubadilika, jambo ambalo babu yake hakulifanya hata mara moja.

Nitazame wapi nikitaka kumfuata Gero tu?

Anza na kisa cha jeshi la Red Ribbon katika Dragon Ball ya mwanzo, ingawa Gero hatajwi humo, ili ujue ni jeshi gani analililia. Kisha nenda Dragon Ball Z kuanzia kuwasili kwa Trunks hadi mwisho wa mashindano ya Cell. Mwenye muda mchache anaweza kutazama Dragon Ball Z Kai, iliyoanza 2009, ambayo inafuata manga kwa karibu zaidi na kuondoa vipindi vingi vya kujazia. Filamu maalumu ya televisheni ya 1993 kuhusu maisha ya Trunks katika wakati ujao itazamwe baada ya 17 na 18 kuamshwa, kwani inaonyesha dunia ilivyokuwa pale Androidi walipokosa mtu wa kuwazuia. Super Hero iwe ya mwisho, na ni vizuri kuitazama ukiwa bado unakumbuka sauti ya Namba 16.